Tausi Katikati ya Maharage

Shuleni kwao siku ilianza na maharage. Darasa lenye zamu lilikaa kwenye mabenchi nje ya jiko, kila wanafunzi wawili na sinia moja, wakichambua kokoto kabla mpishi hajainjika sufuria. Mara nyingi kengele ya kipindi cha kwanza ililia vidole vikiwa bado ndani ya maharage, na somo la hesabu likaanza bila wao.

"Macho kwenye sinia, midomo itulie!" mpishi alipaza sauti. "Jana mtoto wa darasa la kwanza kauma jiwe, jino likang'oka. Kalia mpaka na mimi nikataka kulia."

"Labda lilikuwa jino la kung'oka tu, mama," alisema Tausi.

"Nikutilie jiwe kwenye sahani yako, tuone kama na lako ni la kung'oka tu?"

Mabenchi yote yakaangua kicheko. Tausi halikuwa jina lake hasa. Walimwita hivyo kwa sababu alichora tausi kila mahali: kwenye majalada ya madaftari, kwenye vumbi la dirishani, hata kwenye kiganja chake. Tausi wake alikuwa yule yule siku zote, mkia umefunguka, shingo imepinda, jicho moja la duara kama kifungo cha koti.

Msichana aliyeshika upande wa pili wa sinia aliitwa Kimya. Aliongea na watu wachache tu, na Tausi alikuwa mmoja wao. Tangu darasa la pili walikaa dawati moja. Walitumia kifutio kimoja na rula moja, tena bila kuombana. Mmoja akinyoosha mkono, rula ilikuwa pale.

Muhula huo walikuwa na siri iliyokuwa karibu kutoka nje. Shangazi yake Kimya alikuwa fundi wa kompyuta ndogo, zile zinazofichwa ndani ya mizani, pampu na milango inayojifungua. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye meza ndefu, taa ya kuinama na harufu ya waya uliochomewa. Hapo ndipo watoto hao wawili walipotumia alasiri zao wakimsaidia kutengeneza mashine ya kuchambua maharage. Maharage yalishuka kwenye mfereji mwembamba, kamera ikayatazama, na kila ilipoona jiwe kilango kidogo kilifunguka na kulitupa kwenye ndoo. Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi kwamba mashine ikifanya kazi, hakuna mwanafunzi atakayekosa tena kipindi cha kwanza.

Siku ya kwanza shangazi aliwaonyesha kipande cheusi kidogo kuliko ukucha.

"Hii ndiyo kumbukumbu ya kompyuta. Ifikirieni kama kabati refu lenye visanduku vilivyopangwa kwa namba. Mtunza kabati ni ile programu kuu inayoamka kabla ya nyingine zote. Sisi mafundi tunaiita kiini. Programu yoyote ikitaka visanduku, inakiomba kiini. Nacho hugawa palipo wazi, kimoja huku, viwili kule. Muda si muda nafasi zipo, lakini zimetawanyika."

"Na kamera?" aliuliza Kimya.

"Kamera haitaki zilizotawanyika. Picha yake ni kubwa, inataka visanduku vingi vya mfululizo, bega kwa bega."

"Kama sisi tukitaka benchi zima," alidakia Tausi. "Lazima tuwahi kabla wengine hawajakaa."

"Hasa! Kwa hiyo kiini kikiamka tu, tunakiambia: eneo hili, kuanzia namba hii mpaka namba ile, usimgawie mtu. Huko ndiko kutenga. Kisha programu ya kamera tunaichorea ramani ya kufika pale."

"Na mwingine akiingia?"

Shangazi alimtazama Kimya kwa furaha, kama mtu aliyekuwa akilingojea swali hilo. "Kiini hakitamgawia mtu eneo hilo, lakini wala hakitasimama mlangoni. Kikishaambiwa limetengwa, kinaondoa macho yake. Mwenye kujua namba anaweza kujichorea ramani yake na kuingia. Ndiyo maana eneo hilo lina mwenyewe. Kimya, kamera ni yako. Tausi, wewe ni wa kioo, hiki cha mbele ya mashine. Kioo kiandike 'Safi' au 'Jiwe', basi."

"Maandishi tu, shangazi?" Tausi alinuna. "Kama kibao cha choo? Mimi nataka wakiwasha waone tausi mkubwa, mkia kioo kizima."

"Picha kubwa nayo inataka eneo kubwa, na kumbukumbu iliyobaki ni ya kubana. Maandishi, baba. Maandishi."

Kimya alihesabu, akafuta, akahesabu tena. Alipomaliza kutenga eneo lake, picha za kamera zilitoka safi, kila harage na kivuli chake. Shangazi alimpigapiga begani, na usiku ule Kimya alilala akitabasamu.

Alasiri moja shangazi alitoka kwenda kununua waya. Tausi alisogeza kigoda chake.

"Kimya, eneo lako linaanzia namba gani?"

"Ya nini?"

"Nisije nikalikanyaga kwa bahati mbaya. Nikijua lilipo, nitalikwepa."

Kimya alisita. Kisha akamwambia namba ya mwanzo na ya mwisho. "Lakini usiliguse."

"Mimi?" Tausi aliweka mkono kifuani. "Wewe hunijui mimi?"

Alimjua. Ndivyo alivyodhani.

Siku ya jaribio shangazi alikuwa na kazi ya mteja, hivyo watoto walipeleka mashine shuleni wenyewe. Shule nzima ilizunguka jiko. Tausi alibonyeza swichi, na kioo kikachanua. Tausi mkubwa alijitandaza kutoka pembe hadi pembe, bluu na kijani na dhahabu, jicho lake kama kifungo cha koti. Watoto walipiga makofi na vigelegele.

Kimya hakupiga makofi. "Umepata wapi nafasi?" alinong'ona.

"Nilibanabana huku na huku," Tausi alijibu bila kumwangalia. "Mwaga maharage, wanangoja."

Mpishi alimwaga bakuli la kwanza. Kilango kilianza kupiga pa! pa! pa! bila kupumzika. Maharage mazima yaliruka kwenye ndoo ya mawe. Wakati huo huo vidoa vya kahawia vikaanza kutokea kwenye mkia wa tausi kiooni.

"Tausi ana ndui!" mtoto mmoja alipiga kelele, na kicheko kikazagaa uwanja mzima.

Mpishi aliingiza mkono kwenye beseni la maharage safi. Akatoa kokoto, akatoa nyingine. "Jamani, mashine hii inayafukuza maharage na kuyakaribisha mawe! Au imetumwa na daktari wa meno?"

Mwalimu mkuu hakucheka. "Nani alishughulikia kamera?"

Kimya aliinua mkono. Alijua alichohesabu, lakini mbele ya macho yale yote maneno yaligoma. Akamgeukia Tausi. Neno moja tu lake lingetosha.

Tausi alikuwa akikitazama kiatu chake. "Labda alikosea kutenga eneo, mwalimu," alisema. "Kimya huwa ana haraka wakati mwingine."

Ana haraka! Yeye aliyefuta na kuhesabu mpaka karatasi ikatoboka. Kimya alihisi kama mtu aliyeegemea ukuta, ukuta ukaondoka.

"Nawapa nafasi moja tena kesho," alisema mwalimu mkuu. "Ikishindikana, tutaendelea na masinia yetu."

"Tungejua tusingekuja kuangalia," msichana mmoja wa darasa lao alisema kwa sauti ya kusikika. "Kumbe mwenye kamera ndiye asiyeona."

Walirudi karakanani wamebeba mashine, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Ilikuwa nzito, na isingebebeka bila wote wawili. Njiani Tausi alijaribu kupiga mluzi, ukamfia mdomoni.

"Shikamoo shangazi," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Mbona nyuso kama za msibani?"

Kimya alieleza kwa maneno machache. Shangazi hakufoka. Aliunganisha mashine na kompyuta yake kubwa mezani. "Mashine haina midomo, lakini picha inayo. Hebu tuone kamera iliona nini."

Picha ya mwisho ilifunguka. Juu kulikuwa na maharage, mazuri, kila moja na kivuli chake. Lakini kuanzia katikati kwenda chini yalikatwa na manyoya ya bluu na dhahabu, na pembeni, kati ya maharage mawili, jicho moja la duara lilikuwa likiwatazama.

Hakuna mtu duniani aliyechora jicho kama lile ila mmoja.

"Maharage haya yameota manyoya," shangazi alisema polepole.

Kimya alisimama. Sauti iliyomtoka ilimshangaza hata yeye mwenyewe. "Nilikupa namba ili ulikwepe! Ulisema utalikwepa!"

Shangazi alikunja mikono akangoja.

"Nilichora ramani yangu mle ndani," alisema hatimaye. "Lakini nilijaribu kwanza, kamera ikiwa imezimwa. Hakukuwa na kitu chochote pale. Eneo kubwa, tupu kabisa. Nikasema halitumiki."

"Lilikuwa tupu kwa sababu lilikuwa linaningoja mimi," alisema Kimya. "Kamera ilipoandika picha yake, na wewe ukaandika yako juu yake. Ndiyo maana mashine iliona manyoya ikadhani ni mawe. Ndiyo maana tausi wako akaota vidoa. Na ulipoviona vile vidoa ulijua. Ulijua pale pale!"

"Niliogopa. Shule nzima ilikuwa inacheka."

"Hata mimi niliogopa. Lakini niliinua mkono."

Machozi yalimlengalenga Tausi, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye mchoro uliofifia.

"Kaa hapo," shangazi alimwambia, akimwonyesha kiti mbele ya kompyuta. "Ulivyoingia, ndivyo utakavyotoka. Ifute ramani yako kwa mkono wako."

Tausi aliifuta. Akarudisha maandishi kwenye kioo, akayaombea visanduku vichache kwa kiini, kwa njia inayotakiwa. Kimya alikagua mwanzo wa eneo lake na mwisho wake. Hakumwita Tausi aangalie, na Tausi hakuchungulia. Walimwaga kikombe cha maharage yaliyochanganywa na kokoto kutoka uani. Kilango kilitulia, kikapiga pa! kwa jiwe, kikatulia tena.

"Mashine imepona," alisema shangazi. "Lililobaki ni la kesho, Tausi, na hilo siwezi kulirekebisha mimi."

Asubuhi iliyofuata shangazi alifuatana nao. Kabla swichi haijabonyezwa, Tausi alisogea mbele ya mwalimu mkuu.

"Mwalimu, jana nilisema Kimya alikosea. Hakukosea. Mimi niliingiza picha yangu kwenye eneo lake baada ya kuahidi sitaligusa. Halafu nikamwachia lawama."

Yule msichana aliyemcheka Kimya aligeuka kutazama pembeni.

"Washeni," alisema mwalimu mkuu.

Kioo hakikuchanua. Kiliandika "Safi" kwa herufi ndogo, kikaandika "Safi" tena, kisha "Jiwe", na kokoto ikaanguka ndani ya ndoo kwa mlio mwembamba. Bakuli baada ya bakuli lilimwagwa. Mpishi alipekua beseni kwa mikono miwili, akainama, akapekua tena.

"Nimetafuta jiwe nimelikosa," alitangaza. "Haya, masinia niachieni, nitayaanikia nguo za jikoni. Nendeni darasani kabla sijabadili mawazo!"

Wanafunzi walikimbia wakishangilia. Shangazi alibaki akikunja nyaya, na watoto wale wawili wakimsaidia.

"Nisikilizeni," alisema. "Kiini kikiambiwa eneo limetengwa, kinaamini. Hakilindi, hakipelelezi. Ndivyo na rafiki alivyo. Kimya alipokupa namba, Tausi, hakuweka mlinzi, kwa sababu mlinzi ulikuwa wewe. Kitu usichokatazwa kwa kufuli ndicho kinachoonyesha wewe ni mtu gani. Ulikosea mara mbili: kuingia pasipo pako, na kumwacha mwenzako abebe mzigo wako. La pili ndilo lililouma zaidi. Leo umesema kweli hadharani, na hilo nimelipenda. Lakini ramani hufutwa kwa dakika moja, imani hujengwa kwa siku nyingi. Usimharakishe." Kisha akamgeukia Kimya. "Na wewe, mama, usione aibu kwamba ulimwamini mtu. Ila siku nyingine ukijua kazi yako ni sahihi, isemee. Ulivyosema jana karakanani, sema hivyo hivyo hata mbele ya shule."

Kengele ya kipindi cha kwanza ililia, na kwa mara ya kwanza siku ya zamu yao walikuwa wamekaa darasani. Mwalimu aliandika hesabu ubaoni na kuwaambia wachore mstari. Rula ilikuwa upande wa Kimya. Mkono wa Tausi ulianza kunyooka kama ulivyozoea, kisha ukasimama katikati ya dawati.

"Naomba rula," alisema kwa sauti ya chini.

Kimya alichora mstari wake mpaka mwisho, bila haraka. Kisha akamsukumia.

"Ukimaliza," alisema, "irudishe."