Mlango Uliomsikia Ashley

"Fungua mlango," Jelagat alisema mara ya sita, miwani ya gemu ikiwa imemfunika nusu ya uso.

Mlango wa ile nyumba ya kuchorwa haukutikisika.

"Tevin, gemu yako imenikataa."

Tevin hakucheka. Asubuhi hiyo jukwaa la mtandaoni lilikuwa limewaandikia: "Wachezaji wetu wa majaribio, wote tisa, wamekwama mlangoni. Rekebisheni kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo tunaiondoa."

Miezi minane walikuwa wamejifungia katika chumba kimoja mtaani Amalemba, Tevin akiandika programu, Jelagat akichora msitu mti kwa mti. Gemu ikipita, Tevin angekwenda Lugari kujitambulisha kwa wazazi wa Jelagat.

"Huu mlango ulijifunza kusikia kwa sauti ya nani?" Jelagat akauliza.

Tevin akainamia kompyuta yake.

"Nakuuliza, bana."

"Sauti moja tu. Niliyokuwa nayo."

Jelagat akaigiza kwa utani lafudhi ya kwao Tevin. "Fungua mrango."

Mlango ukafunguka.

Ndani, jikoni, palikuwa na kiti kimoja. Sauti ya msichana ikasema karibu kabisa na sikio lake: "Umecherewa, Tevin. Chai imepoa."

Jelagat akaing'oa miwani.

"Huyo ni Ashley? Mpenzi wako marehemu?"

"Ni yeye."

"Unaingianga humo?"

"Kila siku. Ukienda kununua maziwa."

"Kumbe nachora msitu wa kukufikisha kwa mwanamke mwingine!"

"Alikufa, Jela. Miaka miwili sasa."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Angekuwa hai ningeenda kumtusi!" Machozi yakamtoka. "Kwa nini hujamuaga?"

"Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, mama yake alinyoa kila mfiwa akanipita. Sikuwa nimepeleka hata ng'ombe mmoja wa mahari. Nilirudi mjini na nywele zangu kama mtu aliyekuja kutazama tu."

Jelagat akamsukumia simu. "Mwandikie huyo mama. Mimi siolewi na mtu anayeishi kwingine."

Tevin akaandika: "Mama, ni Tevin wa Ashley. Naomba kuja kunyolewa."

Jibu halikukawia: "Nimekungoja miaka miwiri. Kuja."

Alhamisi Tevin aliufundisha mlango upya kwa sauti za majirani kumi na wawili. Ile ya jikoni hakuweza kuigusa.

Ijumaa asubuhi walikuwa Musanda, nyumbani kwa kina Ashley. Mama alimkalisha Tevin kwenye kigoda, akalowesha wembe.

"Na huyu ni nani?"

Jelagat alitazama chini. Tevin akatoa simu mfukoni.

"Ni Jelagat, Mama. Mchumba wangu. Na hii," akamwekea simu mkononi, "ni sauti ya Ashley. Nimekuletea. Kwangu haikai tena. Leo naitoa kwenye gemu."

Mama aliisikiliza mara moja, macho yamefumbwa. Kisha akaifunga simu kwenye ncha ya leso yake.

"Sogea, binti," akasema. "Mshike kichwa. Wembe ni mkari, na mikono yangu inatetemeka."

Jelagat akamshika.