Poda ya Mdogo Wangu Ilivyomfunga Macho Bibi Harusi

"Mama... mbona mmezima taa?"

Jamani, ilikuwa asubuhi! Jua limejaa chumba kizima!

Nikavuta shuka. Nikaona uso wa mwanangu Nulu... nikapiga ukelele mpaka majirani wa hapa Masese wakaacha samaki wao juani, wakaja mbio.

Macho yote mawili yamevimba kama mandazi. Usaha umekauka kwenye kope, umezishika kama gundi.

"Mama, sioni! Mama!"

"Usiguse! Usiguse, mwanangu!"

Ngoja niwaeleze vizuri.

Nulu wangu alikuwa anaolewa. Jumamosi tulifanya kwanjula, yaani utambulisho wa mchumba, hapa Jinja, ndugu za mchumba wake Bruhan wakaja kutoka Mbale na vikapu vyao, wakajitambulisha, tukala, tukacheza. Nikah ilikuwa Ijumaa inayofuata, kwao Mbale.

Na sasa ni Jumatatu, bibi harusi haoni!

Aliyempamba ni Hajara, mdogo wangu wa tumbo moja. Ana saluni Nabuyonga, huko huko Mbale. Mabibi harusi wote wanamkimbilia yeye. Nikampigia simu nikilia.

"Dada, hiyo ni husuda!" akasema hapo hapo. "Yule Madinah, dada yake Bruhan, si alimkumbatia Nulu akamshika mashavu? Mimi nilimwona. Alikuwa na kitu mkononi."

"Hajara, una hakika?"

"Dada, mimi nikudanganye wewe?"

Majirani walikuwa wamesimama hapo, wamesikia. Kabla ya adhuhuri neno lilikuwa limefika Mbale. Mama Bruhan akanipigia.

"Mama Nulu, binti yangu ni mchawi?"

"Dada yangu, sikusema hivyo..."

"Imesemwa! Basi kaeni na bibi harusi wenu, na sisi tukae na mchawi wetu!"

Simu ikakatika. 

Tukampeleka Nulu hospitali. Hapo kuna nesi mmoja wa kaskazini, sista Santa, Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. Akammulika Nulu tochi. Nikaanza kumwambia habari za Madinah. Akanikatiza.

"Mama, mimi hapana taka uchawi hapa. Jicho ya kulia iko na kidonda juu ya kioo. Ni bakteria. Nyinyi alipaka yeye nini?"

"Poda tu, sista. Ya sherehe."

"Poda ya nani?"

"Ya mdogo wangu, anapamba mabibi harusi. Lakini poda si kitu kikavu, sista? Kitu kikavu kinaoza?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka.

"Ikikaa kavu, sawa. Lakini sponji inatoka kwa uso na jasho, na mafuta, na machozi. Inarudi ndani ya poda. Mwingine anakuja, sponji ni ile ile. Ukiongeza na maji, umejengea bakteria nyumba! Leta hiyo poda na sponji yake, haraka. Tukijua ni wadudu gani, tunajua dawa gani. Tukichelewa... hiyo jicho inaweza kwenda."

Inaweza kwenda!

Sikungoja, wamama wenzangu. Nikampigia Hajara tena.

"Poda? Niliitupa chooni, dada. Ilikuwa imeisha."

"Na sponji?"

"Vyote. Achana na huyo nesi, anakusumbua tu. Wewe shughulika na Madinah."

Nikaamini. Damu yangu hiyo, ningekosaje kuamini?

Kesho yake nikamwacha Nulu kitandani na jirani yangu Zaituni, nikapanda teksi ya Mbale. Nilitaka kwenda kumwangukia Mama Bruhan miguuni. Lakini kwa wakwe mtu haendi peke yake, nikasema nimpitie kwanza Hajara anisindikize. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nikafika bila kusema.

Mlango wa saluni una pazia. Kabla sijabisha nikasikia sauti ya msichana ndani.

"Aunti, mbona unaitia maji?"

"Imevunjika, mama, lazima niikande ishikane. Nyinyi watu wa Busiu maswali mengi! Kaa sawa, bwana harusi asikukimbie."

Nikasogeza pazia kidogo...



Kopo ni lile lile! La bluu, kifuniko kimepasuka, limefungwa na raba. Lile nililoliona nyumbani kwangu siku ya kwanjula! Hajara anachovya vidole kwenye maji ya kikombe, ananyunyizia poda, anaikandamiza na mgongo wa kijiko. Sponji yake imekuwa ya kahawia kama gunzi la mahindi.

Ile aliyosema imo chooni.

Akampaka yule bibi harusi. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kopo lingine, jipya, na sponji nyeupe, akajipaka yeye mwenyewe puani.

Msichana akauliza, "Si unipake hiyo nzuri?"

Hajara akacheka.

"Hii yangu. Hiyo ya watu."

Hiyo... ya... watu.

Nikaingia.

"Hajara! Nulu ni watu?"

Kopo likamponyoka. 

"Nakuuliza! Mtoto uliyembeba mgongoni, ni watu?"

"Dada, karibu... kaa kwanza..."

"Sikai! Kabla ya Nulu ulimpaka nani hii takataka?"

Akaanza kufuta meza.

"Hajara!"

"Mke wa afande mmoja... Racheal. Ijumaa, kabla sijaja kwako."

"Alikuwaje?"

"Macho yalikuwa mekundu kidogo. Yanatoa machozi. Nikafikiri ni vumbi, dada!"

"Ukajua! Nilipokupigia simu nalia, ulikuwa unajua! Ukanitajia Madinah!"

"Ningesema nini? Saluni ingekufa!"

Wallahi, sikumpiga. Nilitaka, lakini sikumpiga. Yule msichana wa Busiu alikuwa ameshafika bombani nje, anajisugua uso kwa sabuni huku anamwita mama yake.

Nikaokota kopo na sponji, nikavitia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikageuza kurudi Jinja siku hiyo hiyo.

Sista Santa akavipeleka maabara. Wakabadilisha dawa. Jicho la kushoto likafunguka, alhamdulillahi. La kulia limebaki na doa jeupe katikati. Kwa hilo jicho Nulu anaona kivuli cha mtu, sura haioni.

Na unajua nani alikuja hospitali kwanza kutoka Mbale? Hata sikumwita.

Madinah!

Akasimama mlangoni na thamosi.

"Mama, mchawi amekuja. Nimeleta uji."

Nulu akacheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Mimi nikalia, nikamshika Madinah mikono, nikamwomba msamaha mbele ya wagonjwa wote. Akaninywesha na mimi uji.

Madinah ndiye aliyemtuliza mama yake, Nikah ikasogezwa, ikafanyika. Nulu alitoka na uso wake mtupu, umeoshwa na maji na sabuni. Bruhan alisema hajawahi kumwona mzuri hivyo. Hajara alikuja akakaa nyuma kabisa. Sikumfukuza. Sikumpelekea sahani pia.

Mimi niliishia la saba, sijui majina ya hao wadudu. Ninachojua nimekilipia kwa jicho la mwanangu. Binti yako awe na poda yake na sponji yake, na hiyo sponji aioshe, aikaushe juani. Poda iliyovunjika isitiwe maji, itupwe. Macho yakiwa mekundu asipake, na poda yake asimpe hata rafiki.

Na siku ukimkalisha kwa mpambaji, awe ndugu yako, awe nani, muulize kabla hajafungua kopo: "Na wewe, unajipaka ipi?"

Akisita tu... mshike mtoto wako mkono, mwende nyumbani.