Fundo Ndani ya Tangi

Jua lilikuwa likizama Fundi alipofika kwa dada yake mdogo, begi la spana begani na sala fupi mdomoni, maana hakuwahi kufungua boneti ya gari la mtu bila kumtaja Bwana kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuisimulia: gari kuukuu la kupandia milima lilikuwa likiwaka, likijikokota hadi langoni, kisha likikohoa na kuzima. Lakini hospitali ilikuwa ng'ambo ya kilima, njia ilikuwa mawe matupu yasiyopitika kwa gari jingine, na shemeji yake, aliyelala chumba cha mbele, asingefikisha asubuhi bila daktari.

"Shemeji," sauti kavu ilitoka dirishani, "hilo gari linakunywa kuliko wewe kabla hujaokoka."

"Mimi niliacha. Hili nalo litaacha leo."

Fundi alichungulia ndani akicheka, na kicheko kikamfia mdomoni. Mtu aliyezoea kubeba injini peke yake alikuwa amebaki ngozi juu ya mifupa. Kichwa chake kilikuwa kipara chenye vidonda vibichi, kana kwamba nywele ziling'olewa pamoja na nyama.

Akaanza kazi. Chujio lilikuwa jipya. Pampu ilikuwa nzima. Kabureta ilikuwa kavu, haina hata tone. Basi mafuta hayakuwa yakitoka tangini. Akachomoa bomba upande wa pampu na kufanya kama afanyavyo kila fundi asiye na mashine ya kuvutia: akalitia mdomoni, akanyonya.

Hakikuja kitu.

Akanyonya tena, kwa nguvu zote. Chumbani mgonjwa akakoroma... kama mtu anayekabwa.

Kisha kikaja.

Haikuwa petroli. Kilikuwa kitu cha uvuguvugu, kizito kama usaha, chenye chumvi na harufu ya bandeji iliyosahauliwa juu ya kidonda. Kilimjaa mashavuni. Uzi laini ulijikunja nyuma ya ulimi, na kabla hajatema, koo lilimeza.

Alitapika hadi machozi yakamtoka. Katikati ya matapishi yake kulikuwa na nywele.

Akafungua kifuniko cha tangi, akazamisha waya wenye ndoano. Ulirudi na fundo la nywele lililofungwa kwa uzi mweusi, likichuruzika ute wa njano. Humo mlikuwa na kucha, na vipande vya ngozi vilivyovimba kama kupe walioshiba. Lilikuwa likipwita, polepole, likifuatana na pumzi zilizosikika dirishani.

"Umeliona," dada yake alinong'ona nyuma yake.

"Ulimwendea nani?"

"Gari lilikuwa limekufa, kaka. Ndilo linalotulisha. Nilimwendea bibi mmoja mganga, akataka nywele tu, za mtu anayenipenda. Nilizikata za mume wangu akiwa usingizini. Likaenda. Halafu likataka tena... na tena. Sasa hana cha kulipa. Ndiyo maana linazima."

Hasira ilimpanda Fundi kama moto wa madhabahuni. Mfalme Sauli naye alimwendea mchawi kwa hofu, na hofu ile haikumpunguzia hukumu. Machukizo ni machukizo, hata yakitendwa kwa ajili ya mkate wa watoto. Lakini akamtazama dada yake, akamwona mtoto aliyembeba mgongoni.

"Piga magoti, utubu," akasema. "Kisha lete petroli safi na kibiriti."

Akaomba, akakata uzi. Chumbani mgonjwa akavuta pumzi ndefu, akaomba maji. Fundo likachomwa, likanuka nyama mbichi, likatoa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyetaka kuizungumzia. Tangi likasuuzwa, bomba likarudishwa, petroli ikamiminwa.

Injini iliwaka papo hapo, laini kama mpya. Wakamlaza mgonjwa kiti cha nyuma.

"Umelifanyaje, shemeji?"

"Ni neema tu. Nendeni."

Dada yake akamweka mtoto kando yake, akakanyaga mafuta.

Kifua cha Fundi, aliyebaki uani, kikabana.

Alidhani ni uchovu. Lakini gari lilipoanza kupanda na injini kunguruma zaidi, pumzi yake ilivutwa kutoka ndani kama mafuta yanayonyonywa kwa bomba. Kitu kilimwasha chini ya ulimi. Akatia vidole, akashika unywele, akauvuta... Ukaja, mrefu, wenye uvuguvugu na ladha ya usaha. Akavuta zaidi. Haukuwa na mwisho. Kwa ndani, ulikuwa umeshikwa; uzi ule alioumeza haukuwa umetoka wote.

Angepiga kelele, wangemsikia. Wangezima injini katikati ya mawe, na mgonjwa angefia pale.

Akafumba mdomo juu ya unywele ule, akapiga magoti penye matapishi yake mwenyewe.

"Wafike, Bwana," alinong'ona kwa pumzi iliyobaki. "Kwanza wafike."

Akapitisha kiganja kichwani kufuta jasho. Kilirudi kimejaa nywele.

Juu, taa nyekundu za gari zilikuwa hazijafika hata nusu ya kilima.