Sanduku la Safari na Mkono wa Mzee Gundi

Asubuhi katika nyumba ya fundi wa kuchomelea vyuma ilianza kwa kelele, na kelele zenyewe mara nyingi ziliishia kwenye makofi. Aliyeamka mwisho alikuta chai imekwisha, na aliyelalamika alipigwa konzi na mwenzake. Baba mwenye nyumba alikuwa mchapakazi, hodari wa mageti na madirisha ya chuma, lakini hasira zake zilikuwa karibu sana na mikono yake. Watoto wake wawili walikuwa wameichukua tabia hiyo bila kufundishwa. Mkubwa, Bonge, alipigana kwa uzito wake. Mdogo, msichana wa darasa la sita aliyeitwa Cheche, alipigana kwa kucha, meno na chochote kilichokuwa karibu.

Wiki ile ugomvi ulikuwa na sababu nzuri. Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko nchi nzima, na familia ilipanga kwenda kukaa kwa shangazi mpaka Jumapili, katika jiji kubwa ambalo watoto walikuwa wamelisikia tu. Kila jioni walikaa mezani kupanga. Mama, ambaye ni mshonaji, alitaka kupita kwenye maduka ya vitambaa. Baba alitaka kununua mashine mpya ya kukatia vyuma. Bonge alitaka kupanda zile ngazi zinazotembea zenyewe, apande mpaka achoke. Cheche alitaka bwawa la kuogelea lenye mteremko, kwa sababu shangazi alimwambia kwenye simu kwamba ukishuka pale unahisi tumbo limebaki juu.

"Tutaanza na ngazi," Bonge alisema Jumanne jioni.

"Ngazi hata shuleni zipo," Cheche alijibu. "Tutaanza na bwawa."

"Wewe kuogelea hujui. Utazama kama jiwe, utuharibie safari."

Cheche alimrukia juu ya meza. Kiti kilianguka, kikombe kikavunjika, na Bonge akapata mkwaruzo kutoka sikioni mpaka shavuni. Baba alipiga ngumi mezani, kisha akamgawia kila mmoja kofi lake bila kujali nani alianza.

"Mimi siulizi mara mbili," alisema.

"Hata mara moja huulizi," mama alinong'ona, akiokota vigae vya kikombe.

Kilichobaki kilikuwa kufungasha. Sanduku la familia lilikuwa moja tu, kubwa, la magurudumu, na zipu yake ilikuwa imeng'oka upande. Jumatano Cheche aliporudi kutoka shuleni, mama alimtuma alipeleke kwa Mzee Gundi, fundi viatu aliyekaa kwenye kona ya kituo cha mabasi. Mzee huyo aliitwa hivyo kwa sababu vidole vyake vilinata gundi siku zote. Alishona viatu, mikoba, hata mipira ya watoto.

"Nenda moja kwa moja," mama alimwambia. "Usisimame njiani na hao mabondia wenzako."

Cheche alisimama njiani. Juu ya mteremko unaoshukia barabara kuu alimkuta msichana wa darasa lake aliyeitwa Domo, na Domo hakuwa mtu wa kuona kitu akanyamaza.

"Mnaenda jijini na hilo?" Domo aliuliza. "Hata mbuzi mkimfungia humo atatoka."

"Rudia."

Domo alirudia, tena kwa sauti. Cheche aliliachia sanduku akamchapa kofi. Wakashikana nywele, wakaanguka, wakagaragazana vumbini. Domo alimng'ata mkono, naye Cheche akampiga ngumi ya pua, damu ikatoka. Wakati huo sanduku lilikuwa limeanza safari yake peke yake. Liliteremka taratibu, likashika kasi, likaingia barabarani, na dereva wa lori la mchanga hakuwahi hata kukanyaga breki.

Domo aliyaona yote, akafuta damu, akakimbilia kwao. Cheche alibaki na sanduku lililokuwa bapa, magurudumu yake yametupwa huku na huku. Safari bila sanduku itakuwaje? Na baba je, akisikia? Alilikokota mpaka kwenye mtaro, akalisukuma chini ya daraja dogo, akajipangusa vumbi na kurudi nyumbani.

"Umempa?" mama aliuliza.

"Nimempa."

"Amesema tulifuate lini?"

"Kesho jioni."

Majibu yalimtoka kirahisi mpaka akajishangaa mwenyewe. Alijiambia kwamba kesho atapata la kusema.

Kesho ilifika, la kusema halikupatikana. Jioni ile ya Alhamisi baba alimpitia Mzee Gundi akitoka kazini, akafika nyumbani mishipa ya shingo imemsimama.

"Anasema hajaliona sanduku," baba alisema. "Eti labda nimekosea fundi. Cheche, ulimpa nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi, na Cheche aliijua. Aliutazama mkono wa baba, mpana, wenye makovu ya moto, na ukweli ukamrudia kooni.

"Nilimpa yeye," alisema. "Mkononi mwake."

"Unaona?" baba alimwambia mama. "Amelipenda."

"Hebu tukamuulize vizuri kwanza," mama alisema. Lakini baba alikuwa ameshatoka, naye Cheche aliamriwa amfuate akaseme mbele ya mzee.

Kona ya kituo ilikuwa imejaa watu waliotoka kazini. Mzee Gundi alikuwa kwenye kigoda chake, kiatu kimebanwa katikati ya magoti. Baba alimshika ukosi wa shati, akamwinua mzimamzima.

"Sanduku langu liko wapi?"

"Fundi mwenzangu, nimeshakwambia..."

Ngumi ilimkatiza. Meza ya viatu ilipinduka, misumari na visigino vikatawanyika. Mtu mmoja aliuliza kuna nini, mwingine akajibu ni mwizi, na jibu hilo likawatosha wote. Muuza nyama wa jirani, ambaye buti zake zilikuwa kwa fundi huyo tangu wiki iliyopita, alikuja na gongo la kufungia mlango. Vijana wa kituoni walikuja na mateke. Watu ambao hawakuwahi kumiliki sanduku maishani mwao walimpiga mzee kwa ajili ya sanduku. Alianguka kifudifudi akijikinga kichwa, damu ikimchuruzika kutoka kwenye nyusi na kuingia machoni. Mtu akaukanyaga mkono wake wa kulia kwa kisigino, akausaga. Cheche alisikia mfupa ukivunjika.

"Leteni mafuta ya taa," mtu alisema huko nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi.

Cheche alielewa kwamba mzee huyu atakufa, na kwamba aliyemuua atakuwa yeye. Alisema, "Sikumpa." Hakuna aliyesikia. Alipaza sauti, "Sikumpa, nilidanganya," lakini kila mdomo pale ulikuwa wazi, na wake ulikuwa mdogo kuliko yote. Akapenya kati ya miguu ya watu, akajitupa mgongoni kwa Mzee Gundi na kumkumbatia. Gongo lilimkosa kidogo. Teke halikumkosa. Lilimpata ubavuni, likamtoa pumzi yote, na alipogeuza uso akaona kwamba kiatu kilikuwa cha baba yake.

Baba alirudi nyuma kana kwamba ni yeye aliyepigwa. Watu walisita kumpiga mtoto, na katika kimya kile kifupi Cheche alisema yote.

"Sanduku limekanyagwa na lori. Nilikuwa napigana. Liko chini ya daraja la mtaro. Babu huyu hajaliona hata kwa macho."

Kijana mmoja alikwenda darajani, akarudi akiburuta lile bapa. Muuza nyama aliliegemeza gongo ukutani polepole, kama vile ni la mtu mwingine. Waliokuwa mbele wakawa nyuma, na waliokuwa nyuma wakakumbuka basi lao. Punde walibaki watatu tu: fundi wa vyuma, binti yake, na mzee anayetafuta hewa. Baba alipiga magoti. Alijaribu kumwinua akashindwa, mpaka mama alipofika mbio na kumshika upande wa pili. Walimpakia kwenye mkokoteni wa karakana ya baba, wakamkimbiza zahanati.

Mganga alisafisha majeraha, akashona nyusi. Kisha akaupapasa mkono.

"Mifupa imesagika," alisema. "Unahitaji kupasuliwa, na upasuaji huo ni wa hospitali kuu ya jijini. Mkichelewa, hatashika sindano tena."

Kwa hiyo safari ya jijini ilikuwepo. Ijumaa asubuhi familia ilipanda basi, nguo zao kwenye mifuko, na Mzee Gundi kati yao, amefungwa bandeji mpaka begani. Hawakuona vitambaa, ngazi wala bwawa. Walilala kwa shangazi na kushinda kwenye benchi za hospitali, na akiba ya mashine mpya ya baba iliishia kwenye dirisha la malipo. Bonge, ambaye kwa kawaida angemsuta dada yake mpaka alie, hakusema kitu. Cheche alitamani amsute.

Jumamosi, baada ya upasuaji, muuguzi alimruhusu Cheche aingie. Ubavu ulimuuma kila alipovuta pumzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu niambie, sanduku lenyewe lilikuwa na shida gani?"

"Zipu."

"Zipu tu?" Mzee alifumba macho. "Zipu ningeibadilisha chai yangu ikiwa bado ya moto. Na hata ungeniletea lile lililokanyagwa, ningekwambia halitengenezeki, kisha ningekusindikiza kwa baba yako. Ningesimama katikati yenu."

Cheche alilia kwa aibu, uso kwenye shuka la kitanda. "Nisamehe, babu."

"Nitakusamehe, lakini si leo. Leo mkono unauma. Nikirudi, njoo kazini kwangu kila ukitoka shule. Fundi wa mkono mmoja anahitaji mkono wa pili."

Basi mzee aliporudi kazini, Cheche akawa anakwenda kila siku. Alitunga uzi kwenye sindano, alishika viatu, alipaka gundi. Hayo yalikuwa mepesi. Kazi nzito ilikuwa nyingine, kwani kila mteja aliuliza swali lilelile: nani amekuvunja mkono, mzee? Mzee Gundi hakujibu hata mara moja. Alimgeukia Cheche na kungoja. Siku ya kwanza sauti iligoma kutoka, na mteja akaondoka akidhani mtoto ni bubu. Siku iliyofuata alisema akitazama chini. Baadaye aliweza kusema akimtazama mtu usoni.

Alasiri moja baba alileta meza mpya ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Muuza nyama naye alikuwa pale, ametumbukiza mikono mifukoni, amekuja kufuata buti zake kwa mwendo wa mtu anayeingia msibani kwa kuchelewa.

"Zilikuwa tayari kabla ya siku ile," Mzee Gundi alimwambia. "Hukuja kuziulizia."

Muuza nyama alizipokea, akatamka pole ambayo ilimchukua muda kuipata, akasimama tu. Ndipo akapita mama mmoja na ndala iliyokatika. Aliutazama mkono uliofungwa, akauliza lile swali.

"Mimi," Cheche alisema. "Nilidanganya kwamba ameiba, akapigwa."

"Na mimi nikampiga kabla sijauliza," baba alisema pembeni yake. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo mbele ya watu, na macho yalimjaa machozi.

Mzee Gundi aliweka nyundo chini.

"Sasa mmelisema wote wawili, kwa hiyo nisikilizeni," alisema. "Cheche, ukikosea, sema mapema, kofi likiwa bado ni lako mwenyewe. Ukilikwepa kwa uongo, litampata mwingine, na litakuwa limeshakuwa kubwa. Na nyinyi wakubwa, uongo wa mtoto huyu ulikuwa mdogo sana. Ungekufa palepale kama mtu mmoja angemkalisha chini na kumuuliza alinipa saa ngapi na nani alituona. Mlikuwa wengi pale, na hakuna aliyeuliza. Mkono ukitangulia swali, hata mkigundua ukweli baadaye, mfupa hausikii."

Mzee alijaribu kukunja vidole vyake vya kulia, kama daktari alivyomwagiza. Viwili vilikunjika. Vingine vilibaki wima, vimekauka. Alivitazama, kisha akamtazama msichana.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Nishikie kiatu."