Tuktuk Nzuri Isiyonguruma

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ikilia, Chama cha Wapenda Magari kilikutana nyuma ya stoo ya shule yao, mtaani Ganjoni. Hapo ndipo ilipokuwa tuktuk yao kuukuu, imeinuliwa juu ya matofali. Mzazi mmoja aliitoa bure, na mwenye akili angejiuliza kwa nini. Wanachama walikuwa tisa, wote wa Gredi ya Saba na ya Nane, na mwenyekiti wao alikuwa Crispus.

Ukimsikiliza Crispus, ungedhani magari yamezaliwa mikononi mwake. Aliweza kukutajia nguvu za injini ya kila gari la kifahari lililopita barabarani. Spana, hata hivyo, hakuwahi kuishika. Kabla ya kuketi alipangusa benchi kwa leso, akaikunja, akairudisha mfukoni, huku wenzake wakimngoja bwana mkubwa amalize. Mikono yenye grisi ilimtia kinyaa, na wenye mikono hiyo aliwaona watu duni.

"Kikao kimefunguliwa," alisema. "Mweka hazina, tuambie tuna kiasi gani."

Ruweida, msichana wa Kibokoni mwenye ulimi mkali, alifungua daftari lake. "Elfu kumi na mbili na mia nne. Na msisahau zilivyopatikana. Muhula mzima mimi nauza mabuyu na achari pale langoni mpaka vidole vimekuwa vyekundu. Wengine mwaja kuonja tu, kisha mwaenda zenu."

Mwalimu Mejumaa, mlezi wa chama, aliketi pembeni akisahihisha madaftari. Kwa kawaida hakuingilia vikao vyao, lakini siku hiyo aliweka kalamu chini.

"Mwalimu mkuu amechoka kuiona tuktuk hii hapa," alisema. "Isipowaka kufikia siku ya kufunga shule, atawaita wanunuzi wa vyuma vikuukuu waichukue, na chama kitavunjwa. Mna wiki tatu. Pesa ni zenu, amueni wenyewe."

Crispus alisimama, akakohoa kidogo kama mbunge. "Ndugu zangu, sisi ni wapenda magari, si mafundi. Siku ya kufunga shule wazazi watakuja. Tuwaonyeshe kutu? Mimi napendekeza tupake rangi mpya, tushone viti, tuweke spika za nguvu. Tuktuk yetu ikipita, mji mzima ugeuke."

"Naunga mkono!" Ishaq alipaza sauti. Ishaq alikuwa rafiki wa Crispus, na kazi yake chamani ilikuwa kuunga mkono.

Charo akainua mkono. Baba yake aliendesha tuktuk hapo mjini. "Mimi naona tuanze na injini," alisema taratibu. "Tumlipe fundi aifungue mbele yetu, na sisi tujifunze. Chama kiwe cha kutengeneza. Rangi itangoja."

Crispus alicheka kwa pua. "Kila mtu na kiwango chake, Charo. Baba yako amezoea kulala chini ya tuktuk. Sisi tumezoea kupanda."

Baadhi yao walicheka. Charo aliketi, akatazama chini. Ni maneno mabaya hayo, na aliyeyasema hakuona ubaya wowote.

"Mwacheni," Ruweida alisema kwa hasira. "Na wewe mwenyekiti, wiki iliyopita tulikutuma Shimanzi kwa fundi Joab ukamuulize injini ina nini. Tukakupa na nauli. Alisemaje?"

Crispus aliinama kupangusa kiatu. Kwenda, alikwenda. Alifika mpaka karibu na karakana ya fundi, katikati ya malori na makontena. Aliona matope meusi, mapipa ya mafuta machafu, na jozi ya miguu ikichungulia chini ya lori. Akatazama viatu vyake vyeupe, akageuka. Nauli iliyobaki alinunulia viazi karai, akavila njiani kwa raha zake. Hata uso wa fundi hakuuona.

"Alisema injini haina neno," alijibu bila kupepesa macho. "Inataka plagi tu."

"Plagi tu?" Charo alishangaa.

"Kwani wewe ndiye fundi?"

Wakapiga kura kwa desturi yao. Nyuma ya mlango wa stoo paliwekwa mikebe miwili mitupu ya maziwa, mmoja wa rangi na mmoja wa injini, na kila mwanachama aliingia peke yake akatumbukiza nati moja katika mkebe autakao. Walipomaliza, Ruweida alimwaga nati mezani. Sita zilitaka rangi na spika, tatu zilitaka injini. Nani angeitaka injini, iwapo fundi mwenyewe kasema haina neno?

Pesa zikatumika kama maji. Rangi ya manjano na zambarau, elfu tano. Viti, elfu mbili na mia tano. Spika, elfu nne. Mwandishi wa mabango akalipwa mia sita aandike nyuma, kwa herufi za kujipinda, MWENYE WIVU AJINYONGE. Zilibaki mia tatu. Plagi ikanunuliwa kwa mia mbili na hamsini. Tuktuk ilipendeza, sikatai. Ilipendeza kama bibi harusi, nayo ilitulia kimya vilevile.

Ijumaa iliyofuata Charo aliifunga plagi mpya. Ishaq akavuta mkono wa kuwashia. Kimya. Akavuta tena, na tena, mpaka jasho likamtoka. Injini haikutoa hata chafya. Spika peke yake ndizo zilizopiga muziki, mpaka betri nayo ikafa.

Sasa ungemwona Crispus! Mtu mwenye hatia hutafuta mgongo wa kuutwika, naye hakwenda mbali. "Charo ameifunga vibaya," alisema. "Alishindwa kwenye kura, sasa analipiza. Mtu kama huyu hafai chamani. Napendekeza atolewe."

"Naunga mkono!" Ishaq alisema, ingawa safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Nimeifunga sawasawa," Charo alisema. Aliielekeza spana kwenye plagi. "Mwalimu, njoo utazame."

Mwalimu Mejumaa alikuja, akaitazama plagi, akaigusa. "Imefungwa vizuri," alisema. "Basi aliyetukosea ni huyo fundi. Katuambia injini nzima, kumbe mbovu, na pesa zetu zimekwisha kwa kumwamini. Na mwalimu mkuu yuko karibu kumpa kazi ya kulitengeneza basi la shule! Nitamwambia atafute fundi mwingine. Ruweida, andika barua. Mwenyekiti atatia sahihi."

"Mwalimu," Charo alisema, "fundi Joab namjua. Baba humpelekea tuktuk yake. Hasemi neno juu ya injini mpaka aiguse."

"Basi safari hii kasema. Mwenyekiti ni shahidi."

Ruweida aliandika mistari mitano, akamsukumia Crispus karatasi na kalamu. Crispus alisoma. Fundi Joab ametupa ushauri wa uongo. Fundi Joab haaminiki. Hakumjua mtu huyo, alijua miguu yake tu. Lakini miguu hiyo ilikuwa na mwenyewe, na kwa sahihi moja mwenyewe angekosa kazi kubwa bila kujua amekosa nini. Crispus alizoea kuwatazama watu kutoka juu. Sasa alijitazama yeye, na alichokiona kilimtia kinyaa kuliko grisi yote ya Shimanzi.

"Sitii sahihi," alisema.

"Kwa nini?"

"Si fundi aliyedanganya." Aliirudisha kalamu mezani. "Ni mimi. Sikumuuliza kitu. Niliona pachafu, nikarudi. Ile habari ya plagi niliitunga."

Wenzake walisimama wote. Kisha maneno yakamwangukia.

"Mwongo mkubwa!" Ishaq ndiye aliyetangulia, yule yule wa kuunga mkono.

"Elfu kumi na mbili!" Ruweida alisema. "Na ulitaka Charo afukuzwe. Huna haya, Crispus?"

Haya alikuwa nayo, tena tele, ila ilikuwa imechelewa. Machozi yalimtoka mbele ya wote. Mwalimu Mejumaa aliichana barua ile vipande vipande.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Afadhali umeikatisha mwenyewe. Lakini kulia hakuwashi injini. Kesho asubuhi tutakwenda Shimanzi sote watatu, mimi, wewe na Charo, na haya uliyoyasema hapa utayarudia mbele ya fundi."

Fundi Joab alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi na maneno machache. Walimkuta amesimama kando ya lori, akijifuta mikono kwa kitambaa. Crispus alimwamkia, akamweleza yote, mpaka habari ya barua. Fundi alimsikiliza bila kumkatiza.

"Jina langu ulilitumia," alisema hatimaye, "lakini kunisalimu kulikushinda. Ulikuwa hapo nje, nami niko hapa. Hatua ishirini tu."

"Nisamehe, fundi."

"Nimekusikia. Nitakuja Jumatatu jioni. Sitaki ujira, ila vyuma vyote mtaosha nyinyi, na vipuri mtanunua nyinyi."

Jumatatu fundi aliifungua tuktuk huku watoto tisa wamemzunguka. Injini yenyewe haikuwa mbovu sana. Tangi lilijaa kutu, kwa vile lilikaa miaka mingi wazi kwenye hewa ya chumvi, na kutu hiyo ilikuwa imeziba kabureta na mrija wa petroli. Kabureta na mrija mpya vingegharimu elfu mbili.

"Elfu mbili," Ruweida alirudia, akamkazia Crispus macho. "Na elfu kumi na mbili tulikuwa nazo."

Crispus ndiye aliyetumwa kuzirudisha spika. Mwenye duka alizigeuzageuza, akamcheka, akampa elfu mbili na mia moja, kana kwamba anatoa sadaka. Crispus alizipokea bila kubishana. Jioni hizo alikaa na Charo kando ya beseni la mafuta taa, wakisugua tangi na vyuma kwa brashi. Siku ya kwanza hawakuzungumza. Siku ya pili Crispus alisema, "Maneno yale juu ya baba yako, nisamehe." Charo aliendelea kusugua kwa muda mrefu. "Geuza brashi," alijibu mwishowe. "Washikilia upande mbaya."

Siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi na mwalimu mkuu, Charo alivuta mkono wa kuwashia. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikatoa moshi mweusi uliowafanya akina mama wafunike nyuso kwa mitandio. Mara ya tatu ikanguruma, ikaendelea kunguruma, na wanachama wakapiga kelele hadi sauti zikawakauka. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema chama kiendelee. Alasiri hiyo hiyo nati zilimwagwa tena mezani. Zote tisa zilitaka chama kiwe cha kutengeneza, na Charo akawa mwenyekiti.

Fundi Joab, ambaye sasa amepewa kazi ya basi, alikuwa akikusanya spana zake. Crispus alimfuata.

"Fundi, wakati wa likizo naweza kuja kwako nijifunze?"

Fundi alimtazama, kisha akawatazama wenzake waliosogea kusikiliza.

"Waswahili husema, mdharau mwiba mguu huota tende, yaani mguu humvimba. Nyinyi mnadhani kosa la mwenzenu lilikuwa uongo. Uongo ulikuja baadaye. Kosa la kwanza lilikuwa dharau. Asingeidharau kazi yangu, angeingia, angeuliza, na asingekuwa na haja ya kutunga kitu. Kila kazi ya halali ina heshima yake, na anayeidharau hulazimika kujifanya anajua." Akamgeukia Crispus. "Njoo Jumatatu, saa moja asubuhi. Kwangu kuna sheria moja. Hakuna kumwambia mwenye gari neno lolote ambalo mkono wako haujaligusa."

"Nitaishika, fundi," Crispus alisema, akainama akabeba sanduku la spana.