Fomu ya Hadiya na Tai ya Baba Yake

Ndugu zangu wa Arlington hapa Texas na mlio jirani, niazimeni masikio kidogo. Ninayowasimulia yalitokea hapa hapa kwetu, na mwenyewe ameniruhusu niyataje.

Jumapili moja ya Februari, mwaka 2003, nyumba ya Mzee Swafwani ilijaa furaha. Mkewe Mashavu alikuwa amepika biriani, na binti yao Hadiya alikuwa amepata barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja cha Houston, akasomee uuguzi. Swafwani alimtazama mtoto akiisoma barua mara ya tatu, moyo ukamjaa. Akafunga tai yake nyekundu, akawaambia wapande gari waende ukumbi wa jumuiya. Huko Jerioth, muuguzi na mtu wa watu, alikuwa akiwasaidia wazazi kujaza fomu za msaada wa karo.

Sasa nisemeje kuhusu hiyo tai? Sote tulimjua Swafwani kama bosi wa ofisi fulani huko Plano. Kila siku alasiri alitoka nyumbani na suti, na kwenye harusi zetu alikaa meza ya mbele. Yeye na Mashavu tu ndio waliojua kwamba ndani ya buti ya gari mlikuwa na ovaroli, na kwamba ofisi ile aliifagia na kuipiga deki. Hata Hadiya hakujua. Kazi yenyewe haina aibu yoyote. Aibu aliitengeneza mwenyewe siku ya kwanza alipoulizwa kazi yake, akajibu, "Niko ofisini," akaona watu wanamsogezea kiti.

Ukumbini meza ilikuwa moja, ndefu, na kila mtu amemwaga karatasi zake mbele ya wenzake, maana ndivyo tunavyofanya mambo yetu.

"Mzee Swafwani, karibu," Jerioth akasema. "Nipe tax return ya mwaka jana na lease ya nyumba. Hiyo lease ni ya ku-prove mmekaa Texas zaidi ya mwaka, ndio Hadiya alipe fee ya watu wa hapa. Si mlitoka Ohio juzi juzi?"

Karatasi zote mbili alikuwa nazo mkobani. Zote mbili, ile ya kodi ya mapato na ule mkataba wa nyumba, zilisema kazi yake ni msafishaji. Na kiti cha pili alikuwa ameketi Vital, jirani Mkongomani anayefanya kazi ghalani, shingo ameinyoosha.

"Nimezisahau," Swafwani akasema. Mashavu akatazama chini.

"Basi nikadirie. Kwa mwaka unapata ngapi?"

Akataja mshahara wa wale mabosi anaowazolea taka. Jerioth akaandika. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, naye, Mungu amsamehe, akaona raha.

"Na lease?"

"Nitaituma mwenyewe."

Hakuituma. Angeitumaje? Mkataba ungesema msafishaji na fomu imesema mengine. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshaifunga njia ya karatasi ya pili.

Aprili jibu likaja. Msaada hakuna, hata dola moja, na Hadiya alihesabiwa kama mtu wa nje ya Texas, karo karibu mara tatu. Aliisoma barua mezani, akaikunja vizuri.

"It's okay, Dad," alisema. Watoto wetu husema hivyo hasa pale mambo yanapokuwa si okay hata kidogo. Kisha akageukia Kiswahili. "Nitafanya kazi kwanza, mwaka mmoja au miwili. Kwani huko ofisini kwenu hawawezi kuni-hire? Si wewe ni bosi, Baba?"

Mtoto hakuwa akimdhihaki. Alimwamini, na hilo ndilo lililomkata baba maini.

"Twende wote leo," akasema.

Walipofika Plano aliegesha gari, akafungua buti, akavaa ovaroli mbele ya binti yake. Kisha akampa ule mkoba wa karatasi.

"Nimekudanganya, mwanangu. Na ile fomu nimeidanganya pia. Niliogopa watu wasije wakaiona nguo hii, nikakupotezea chuo."

Hadiya alizisoma karatasi palepale, ameegemea gari. Alipoinua uso alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Baba, hii ndiyo namba ya mshahara wanayoitafuta. Msaada ni wa watu kama sisi. Why didn't you just say?"

Ijumaa walishika njia ya Houston, mwendo wa saa nne. Mama wa ofisi ya karo alizipokea karatasi, akauliza kama maelezo ya kwanza yalikosewa.

"Hayakukosewa," Swafwani alijibu kwa Kiingereza chake cha Mombasa. "Nilidanganya. Haya ndiyo ya kweli."

Mama yule akampa kalamu asahihishe na kutia sahihi. Wiki tatu baadaye barua mpya ikaja: Hadiya ni mkazi wa Texas, na msaada amepata. Mashavu alipiga kigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Swafwani alikaa kwenye kochi akipumua, nafuu imemwingia hadi miguuni.

Februari iliyofuata ukumbi ulijaa wazazi waliokumbatia mikoba yao. Swafwani aliingia na ovaroli, akaweka karatasi yake ya kodi katikati ya meza.

"Yangu hii. Isomeni, halafu toeni zenu."

Vital akaisoma, akacheka taratibu, akafungua mkoba wake. "Mzee, na miye mwaka ile niliandika kama niko superviseur, msimamizi wa ghala."

FUNZO

Ndugu zangu, fomu ile haiulizi una heshima gani mbele za watu. Inauliza mtoto wako anahitaji nini. Majigambo tunayoyavaa kwenye harusi, gharama yake wanabebeshwa watoto. Basi semeni ukweli mapema, kabla mtoto hajaikunja barua na kusema okay. Ukumbi utafunguliwa tena Jumapili ya kwanza ya Februari. Njooni na karatasi zenu zote. Mzee Swafwani atakuwa mlangoni kuwapokea, bila tai.