Notburga na Mtambo Uliokufa

Kuni zilikuwa mbichi tena. Notburga alipiga magoti jikoni, akapuliza moto mpaka kichwa kikamuuma. Moshi ulimjaa machoni. Uji wa mama mkwe wake ulikuwa bado haujachemka. Nje mvua ya masika ilinyesha, na ng'ombe wawili wa maziwa walilia bandani wakidai majani.

Alitoka nje akijifuta macho kwa khanga. Nyuma ya jiko kulikuwa na mtambo wa gesi. Lilikuwa shimo kubwa lililojengewa kwa matofali na saruji, likafunikwa kwa paa la mviringo. Mradi mmoja ndio uliolijenga. Samadi ya ng'ombe iliingia upande mmoja, ikaoza ndani, ikatoa gesi ya kupikia. Gesi iliwaka kwa miezi michache. Kisha moto ukafifia, mpaka ukazimika kabisa.

"Baba Beata," Notburga alimwambia mumewe, Longino, "huu mtambo tutautazama mpaka lini?"

"Vitu vya mradi ndivyo vilivyo," Longino alijibu. "Wakiondoka wenyewe, na vyenyewe vinakufa."

"Mradi haupiki! Ninayepika ni mimi! Ninayekohoa ni mimi na mama yako!"

Longino alichukua panga lake, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Hakupenda ugomvi wa asubuhi.

Siku hiyo binti yao, Beata, alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akaenda kutafuta kuni mlimani pamoja na wenzake. Siku hizi kuni za karibu zilikuwa zimekwisha. Wakati wa kurudi njia ilikuwa tope tupu. Beata aliteleza na mzigo kichwani. Mzigo ukamwangukia juu ya mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika.

Beata na mama yake walirudi kutoka hospitali mkono ukiwa umefungwa plasta. Beata hakulia. Aliuliza tu, "Mama, nitaandikaje shuleni?"

Notburga alimkalisha kizingitini. Alikwenda stoo, akatoka na sululu. Akapita mbele ya mumewe mpaka nyuma ya jiko. Akainua sululu juu, akaishusha kwa nguvu zote kwenye ukingo wa mtambo. Kipande cha saruji kiliruka.

"Mama Beata, umeshikwa na nini?" Longino alipiga kelele.

"Nauvunja! Mtoto wangu amevunjika mkono, na hili dude limekaa tu hapa!"

Aliinua sululu mara ya pili.

"Subiri, mama! Usipige paa, tafadhali!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya michongoma, nyumbani kwa jirani yao, Lidwina. Aliyeita alikuwa mpangaji mpya wa Lidwina. Jina lake Subira, mwenyeji wa Nakapanya. Kazi yake ilikuwa kujenga na kutengeneza mitambo ya gesi ya samadi. Alizunguka michongoma mbio, akaja kusimama mbele ya Notburga.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuingia bila hodi. Paa likipasuka, halitengenezeki kirahisi. Niruhusu niangalie kwanza."

"Angalia," Notburga alisema akihema. "Ukimaliza, nauvunja."

Subira aliinama akakagua shimo la kuingizia samadi. Akanusa. Kisha akaufuata mtaro uliotoka bandani. Mtaro huo uliishia ndani ya mtambo.

"Baba, banda mnaliosha kwa kitu gani?"

"Kwa maji na sabuni," Longino alisema. "Na nikipulizia ng'ombe dawa ya kupe, ninaosha sakafu vizuri."

"Na maji yote yanaingia humu?"

"Ndiyo. Waliojenga walisema mtaro wa banda uje huku."

Subira alitikisa kichwa. "Basi tatizo ni hilo. Humu ndani mna vijidudu vidogo sana, macho hayavioni. Ndivyo vinavyokula samadi na kutoa gesi. Dawa ya kupe inaua kupe, na hivi pia inaviua. Sabuni nayo inavidhuru. Hakuna aliyekuambia?"

"Hakuna."

"Wallahi, hili linaniudhi!" Subira alisema, na sauti yake ikapanda. "Watu wanajenga, wanaondoka, hawafundishi. Halafu mitambo ikifa, wanasema wananchi hawajui kutunza!"

Notburga alimgeukia mumewe. "Nawe ulikwenda kwenye mafunzo. Hukuuliza?"

"Yalikuwa ya muda mfupi tu. Mbona wewe hukuuliza?"

"Mimi niliitwa? Waliita wenye nyumba. Mimi nilikuwa kwenye moshi, nawapikia hao wageni wenu!"

Longino aligeuka. Akamtazama Beata aliyekaa kizingitini na mkono wake mzito. Kisha akaichukua ile sululu mikononi mwa mkewe.

"Fundi," alisema, "huu mtaro niupeleke wapi?"

Kazi ilianza hapo hapo. Longino alichimba mtaro mwingine, ili maji ya sabuni na dawa yaende kwenye shimo la pembeni, mbali na mtambo na mbali na kisima. Tope la zamani walilichota kwa ndoo kutoka juu.

"Mtu asiingie ndani hata kidogo," Subira alionya. "Mle hewa ni mbaya. Mtu anaweza kuanguka akafa, na anayemfuata kumwokoa naye akafa."

Walileta ndoo za tope kutoka kwenye mtambo unaofanya kazi wa mtaa wa pili, ili kupanda vijidudu vipya. Kisha Subira akamwita Notburga.

"Mama, sasa njoo wewe. Ndoo moja ya samadi, ndoo moja ya maji. Toa mawe na majani. Koroga mpaka iwe kama uji, ndipo uimwage. Fanya hivi kila siku. Ng'ombe anakula kila siku, na mtambo nao unakula kila siku."

Notburga alikunja mikono ya gauni akakoroga. Bado alikuwa na hasira. Alikoroga kana kwamba anapigana na mtu.

Subira alifungua bomba, akatoa maji yaliyokuwa yameziba njia ya gesi. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba.

"Si umesema sabuni ni sumu?" Notburga aliuliza kwa ukali.

Subira alicheka. "Ndani ya mtambo, ni sumu. Nje ya bomba, inatusaidia. Sabuni ikitoa mapovu makubwa, gesi inavuja hapo. Usitafute kwa kiberiti, utaungua."

Wiki kadhaa zilipita. Gesi ya kwanza Subira aliiachia nje, mbali na moto, kwa sababu ilikuwa imechanganyika na hewa. Baada ya hapo Notburga alifungua koki, akawasha kiberiti. Moto wa buluu ukazunguka jiko. Haukuwa na moshi.

Mama mkwe alikunywa uji wa moto mapema. Beata alipotolewa plasta, hakurudi mlimani. Alirudi kwenye madaftari. Tope lililotoka mtamboni walilitia bustanini, na mboga zikanawiri.

"Hii ndiyo nishati isiyokwisha," Subira aliwaambia. "Mti ukiukata leo, utaungoja miaka. Samadi ya kesho ipo, mradi ng'ombe anakula."

Mwezi uliofuata kulikuwa na mkutano wa mtaa. Mgeni wa mradi mwingine alieleza kwamba kaya zenye ng'ombe zitajengewa mitambo ya gesi. Watu walipiga makofi. Notburga akasimama.

"Nani atatufundisha kuitunza?"

"Mama, tutagawa vipeperushi," mgeni alisema.

"Mama mkwe wangu hasomi! Na samadi haikorogwi na kipeperushi!"

"Mama Beata, kaa chini," mwenyekiti wa mtaa alisema kwa upole. "Tusimkasirishe mgeni."

"Sikai! Binti yangu alivunjika mkono kwa sababu hakuna aliyetufundisha. Mtaa huu una mitambo mingine iliyokufa. Tengenezeni hiyo kwanza. Na siku ya mafunzo waiteni wanaopika na wanaoosha mabanda, si wenye nyumba peke yao. Bila hivyo, uani kwangu hamchimbi!"

"Na kwangu hamchimbi!" Lidwina alidakia. Sauti za wanawake zikafuata, kisha na za wanaume. Longino alikuwa miongoni mwao. Mgeni aliangalia huku na huku. Mwishowe akakubali: mafunzo kwanza, ujenzi baadaye.

Notburga hakungoja siku ya mafunzo. Kesho yake asubuhi alikwenda na Subira kwa mzee Pankrasi, ambaye mtambo wake ulikuwa umeota majani. Alimwamkia shikamoo. Kisha akaukagua mtaro wa banda, akaona povu la sabuni likielekea mtamboni, akasimama ghafla, mikono kiunoni.

"Mzee wangu," alisema, "nakuheshimu sana. Lakini hii sabuni inaingia humu kufanya nini? Lete jembe!"